Plasta za Mama Evaline

Siku watafiti walipokuja kutambulishwa Katubuka, mjini Kigoma, aliyefungua mkutano alikuwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Januari, na aliufungua vizuri, maana kufungua mikutano ndiyo kazi pekee aliyokuwa bado anaiweza. Alivaa koti lake la kijivu, akakohoa, akangoja watoto wanyamaze, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiye na shida yoyote duniani:

"Ndugu wananchi, wageni wetu wanatafiti ugonjwa unaoitwa sonona. Ni huzuni inayomkaa mtu mwilini kama homa. Nimeelezwa, nikaelewa. Ni ugonjwa wa kina mama. Sisi wanaume ugonjwa huo hatuna. Sisi huwa tunachoka tu."

Wanaume wakapiga makofi. Mkewe, Semeni, aliyekuwa amekaa mbele kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzake, alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akageuka upande.

Na kweli Januari alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka tangu vita ilipozuka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kabla ya hapo alikuwa mfanyabiashara, tena wa kutajwa: akipeleka sabuni na chumvi Kalemie, akirudi na vitenge. Kule alikuwa na mshirika wake, Feliksi, ambaye waliaminiana kiasi kwamba hawakuwahi kuandikishana kitu. Vita ikaja, boti zikasimama, Feliksi akanyamaza. Januari alikuwa akishuka ufukweni Kibirizi kuwauliza wakimbizi waliokuwa wakiteremka kama kuna aliyemwona mtu mrefu, mwenye pengo, anayecheka ovyo. Hakuna aliyemwona. Siku moja akaacha kuuliza. Siku hizohizo aliacha pia kunyoa ndevu, kufurahia chakula na kubishana na watu. Usingizi ukamkimbia usiku, ukamfuata mchana. Watu wa mtaa walimwona jinsi alivyokaa kimya muda mrefu bila kumpinga mtu, wakasema huyu mzee sasa amekuwa na busara, wakamchagua kuwa mwenyekiti.

Ilikuwa miaka ile Kigoma imejaa wageni. Kongo kulikuwa kunawaka, Burundi nako hakukaliki, na malori yalikuwa yakipita mchana kutwa kupeleka watu makambini. Nyuma ya wakimbizi wakaja wafadhili, na nyuma ya wafadhili wakaja watafiti. Kodi za nyumba zikapanda mtaa wa Mwanga, mbuzi wakapanda bei, na kila kona kulikuwa na gari jeupe lenye antena ndefu. Walikuja wa kupima maji, wa kupima mikono ya watoto, wa kupima udongo. Hawa wa sasa walikuja kupima huzuni.

Habari yao ilikuwa hivi. Mwanamke akikaribia kukoma hedhi, homoni fulani mwilini mwake hupungua, na wengine wakati huo huingiwa na sonona. Wataalamu wa chuo kimoja cha ng'ambo walifikiri kwamba homoni ile ikirudishwa mwilini, kidogokidogo, kwa plasta inayobandikwa kwenye ngozi, huenda na huzuni ikaondoka. Walitaka kujaribu. Kwanza waliwafikiria wanawake wa makambini, maana walikuwa wengi na mahali pamoja. Lakini wakubwa wao wakakataa. Huzuni ya mkimbizi, walisema, ina sababu, na itaharibu matokeo. Watafutwe wanawake wenye huzuni isiyo na sababu.

Kazi ya kuwatafuta ilimwangukia Sista Elinipa, muuguzi Mpare aliyehamishiwa Kigoma zamani akaahidiwa kuwa ni kwa muda mfupi. Elinipa alizunguka Katubuka na Kasingirima. Huyu alikuwa amepoteza mtoto ziwani, yule mumewe alikwenda Uvira hakurudi, mwingine anawalisha ndugu tele waliokimbilia kwake. Alipowaambia wakubwa kwamba mjini hapa hajaona mwanamke mwenye huzuni isiyo na sababu, alijibiwa kwamba sababu ndogondogo zinaruhusiwa.

Basi mkutano ulipoendelea, Elinipa alisimama kueleza utaratibu.

"Plasta ni za aina mbili," alisema. "Nyingine zina homoni, nyingine hazina kitu. Zinafanana kabisa. Mama hatajua amepata ipi. Mimi sitajua. Hata Daktari Benedict hapa hatajua mpaka mwisho. Wanaojua wako ng'ambo."

"Sasa mtu apewe plasta isiyo na dawa ili iweje?" aliuliza Rozalia, muuza mawese wa sokoni Mwanga, ambaye hakuwa na tabia ya kununua kitu asichokielewa.

"Ili tujue kama aliyepona amepona kwa dawa, au amepona kwa kuamini tu."

Lilikuwa jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na mwenyekiti wa mtaa hakulisikia. Alikuwa anatafuta maneno ya kufungia mkutano.

Semeni aliandikishwa. Hakuwa na budi. Joto lilikuwa likimpanda ghafla kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri, jasho likamtoka hata alfajiri ya mvua, na machozi yakamjia kwa ugali ulioungua na kwa ugali ambao haukuungua. Binti yao, Evaline, alikuwa ameolewa Tabora. Nyumba ilikuwa imebaki na watu wawili waliokuwa wakipishana mlangoni kama wapangaji. Semeni alipewa pakiti ya plasta, akaambiwa abandike chini ya kitovu, abadilishe mara mbili kwa wiki, na kila Jumatano aje ofisini kwao, nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Mwanga.

Huko Jumatano kulikuwa na chai ya maziwa na maandazi, na kulikuwa na Elinipa na maswali yake. Unalalaje? Unakula? Kuna kitu kilichokufurahisha wiki hii? Swali moja Elinipa angeweza kuliuliza akanyamaza kabisa, kalamu mkononi, akingoja jibu mpaka lije. Kina mama walikuwa hawajazoea. Wakimaliza kuulizwa hawakuondoka. Walikaa barazani wakasukana, wakasemana, wakachekana joto lao, na wengine wakalia bila mtu kuwaambia wanyamaze.

Haukupita muda Januari akaanza kuona mambo. Kwanza Semeni alilala usiku mmoja mfululizo, akakoroma. Halafu akaanza kuimba akichambua mboga. Halafu akamwambia jirani yao waziwazi kwamba kuku wake akivuka tena uzio ataliwa, na jirani akaamini. Jumatano moja alirudi kutoka Mwanga anacheka peke yake njiani.

"Unacheka nini?" Januari alimwuliza.

"Ungekuwepo ungecheka."

"Nieleze basi."

"Haielezeki, Baba Evaline. Ni ya kina mama."

Januari alibaki kwenye kiti chake, amejaa wivu. Wivu wa mwanaume mwingine angeuelewa. Huu ulikuwa wa plasta.

Alizijua zilipo. Semeni aliziweka kwenye bati la biskuti, pamoja na nyuzi na vifungo. Mchana mmoja, Semeni akiwa sokoni, Januari alifunga mlango, akafungua bati lile, akakuta plasta nyingi kuliko alivyotarajia. Serikali ya watu wale ni tajiri, aliwaza. Alichomoa moja kutoka chini kabisa ili isionekane, akaibandika chini ya kitovu, akashusha shati, akakaa akingoja kama mtu aliyewasha jiko la mkaa.

Usiku ule alilala. Alipoamka hakuamini. Alinyoa ndevu. Alikwenda kusuluhisha ugomvi wa mfereji uliokuwa umemngoja tangu kiangazi, na badala ya kukaa kimya kwa busara alimkaripia aliyekosa. Chakula kikarudi kuwa na chumvi. Siku ya kubadilisha ilipofika alichukua nyingine, na nyingine. Alianza kwenda na Semeni mpaka kona ya barabara Jumatano, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata walipokuwa wachumba. Njiani walizungumza. Semeni alifikiri uenyekiti hatimaye umemkubali.

Aliyemgundua alikuwa Leodgar, kinyozi wa Mwanga, rafiki yake wa ujana. Jumapili moja walikwenda kuoga ziwani, upande wa Bangwe. Januari alivua shati bila kukumbuka.

"Mwenyekiti, hiyo plasta ya nini?"

"Ya mgongo."

"Mgongo wako siku hizi uko chini ya kitovu?"

"Leodgar, oga tuondoke."

Leodgar aliogelea akifikiri. Kinyozi hafikirii kwa ajili yake peke yake. Aliijua plasta ile. Mkewe mwenyewe alikuwa amepewa. Sasa akaweka mambo pamoja: mzee aliyekuwa anatembea kama jeneza linalojibeba, leo ananyoa, anapayuka, anamsindikiza mkewe barabarani. Na plasta yenyewe amebandika wapi? Chini ya kitovu. Kwa akili ya Leodgar jibu lilikuwa moja tu.

Kabla ya hapo uvumi mjini ulikuwa kwamba plasta za wazungu zinafunga uzazi. Ndani ya muda mfupi, kutoka kwenye kiti cha Leodgar, uvumi uligeuka: plasta zinaongeza nguvu za kiume, ndiyo maana wanazificha kwa wanawake. Wanaume waliokuwa wamewakataza wake zao kwenda kwenye utafiti wakaanza kuwaamsha Jumatano asubuhi. "Mama Martini, utachelewa." Kina mama nao, ikajulikana baadaye, wengi wao walikuwa wamechoshwa na plasta mapema, zinawasha, zinabanduka ukioga. Rozalia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba kitu kinachokuwasha wewe kinaweza kumfaa mwenzio. Pale mezani kwake, pembeni ya madumu ya mawese, mteja aliyeuliza kwa sauti ya chini hakuondoka mikono mitupu.

Daktari Benedict, kwa upande wake, alikuwa na furaha. Alikuwa kijana aliyetoka Muhimbili, na huu ulikuwa utafiti wake wa kwanza mkubwa. Kina mama walikuwa wakirudi kuchukua pakiti mpya bila kukosa hata mmoja, na waliokuwa wakilia walikuwa wakicheka. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba hajawahi kuona wagonjwa wanaopenda dawa kiasi hiki.

Halafu kifua cha Januari kikaanza kuuma.

Kilianza kama mwasho. Baadaye akawa hawezi kulalia tumbo. Alijitazama kwenye kioo cha Semeni, kushoto, kulia, akajiona amejaa mahali ambapo mwanaume hatakiwi kujaa. Akakumbuka Semeni aliwahi kusema wanawake walionywa kuhusu maumivu ya matiti. Hapo jasho jembamba likamtoka. Alianza kutembea amekunja mikono kifuani. Kwenye mikutano alisimama hivyohivyo, na watu wakaona mwenyekiti wao amezidi kuwa mkali. Aliwaza kuacha plasta. Aliwaza pia asubuhi zile za zamani, za kutazama dari mpaka jua linapanda, akasema afadhali titi.

Mwisho woga ulimshinda. Siku isiyo Jumatano alikwenda nyuma ya soko, akamkuta Elinipa anafua mapazia ya ofisi.

"Shikamoo, Mzee Januari."

"Marahaba. Sista, nimekuja kwa ajili ya jirani yangu."

"Ana nini jirani?"

"Ni mwanaume. Inasemekana alijibandika ile plasta yenu. Kwa bahati mbaya."

"Mara moja?"

"Bahati mbaya ilijirudia."

Elinipa aliacha mapazia. Alimtazama usoni, akatazama mikono iliyokunjwa kifuani, akajifuta mapovu. "Na sasa jirani anaumwa wapi?"

Januari alitazama nyuma, akatazama mbele, akashusha sauti. "Sista, niambie ukweli. Nitanyonyesha?"

Elinipa, ambaye kwa miaka yake yote ya uuguzi alijivunia kutomcheka mgonjwa, aliingia ndani haraka akidai ameacha kitu jikoni. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akamkaribisha chumba cha mahojiano, akampa maji, akamwita daktari.

Benedict hakucheka. Alielewa mara moja kwamba plasta iliyo kwenye tumbo la mwenyekiti haiko kwenye tumbo la mshiriki. Alizunguka chumbani akishika kichwa. Akasema kwa usalama wa mzee itabidi waulizwe ng'ambo kama pakiti ya Mama Evaline ilikuwa na homoni au haina, na Mama Evaline mwenyewe aitwe. Akatoka uani na simu ya setilaiti, akaanza kutafuta mtandao kwa kuielekeza mbinguni, huku na huku.

Semeni aliletwa na gari jeupe, kanga imemkaa ovyo, akidhani kuna msiba. Alipomkuta mumewe amekaa kwenye kiti anachokalia yeye Jumatano, alisimama mlangoni.

"Mama Evaline," Januari alianza, akitazama sakafu, "zile plasta zako. Nilikuwa nazichukua mimi."

"Najua zinachukuliwa. Nilifikiri unauza."

"Niuze?"

"Si wote wanauza?"

"Sikuuza. Nilivaa. Nisamehe. Nilikuibia dawa. Na wewe ukawa unapona kwa hizo chache nilizokubakishia."

Semeni aliingia, akakaa taratibu. "Baba Evaline, mimi sizivai. Niliacha tangu mwanzo mwanzo. Zinawasha."

Januari aliinua uso. "Huvai?"

"Sivai."

"Sasa unaimba kwa dawa gani?"

Kabla Semeni hajajibu, Benedict aliingia, simu bado mkononi, uso umempauka. Alikuwa na majibu. Pakiti za Mama Evaline, alisema, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, hazikuwa na homoni. Ni gundi na karatasi ya nailoni.

Mtu mmoja sokoni alikuwa anatangaza dagaa kwa sauti ya kuimba.

"Gundi," alisema Januari.

"Gundi, mzee. Hutapata madhara yoyote. Hongera."

Januari alijigusa kifuani. Palikuwa bapa. Palikuwa bapa na hapaumi, na kwa kadiri alivyoweza kukumbuka sasa, huenda hapajawahi kuuma sana. Furaha ilimjia, ikakaa kidogo, ikampisha hasira.

"Yaani mimi nimelala usingizi kwa gundi? Nimemkaripia mtu wa mfereji kwa gundi? Watu wazima mnatoka ng'ambo mnaleta gundi?"

"Ilielezwa kwenye mkutano, mzee. Wewe mwenyewe ulikuwa mwenyekiti."

Hasira nayo ikaondoka, na nyuma yake hakukuwa na kitu. Mabega yakashuka. Semeni aliliona lile koti la kijivu likimpwaya mumewe pale pale kitini, kama limeachwa na mwenyewe, na akaogopa.

Elinipa naye aliona. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Januari, akachukua kalamu.

"Mzee Januari, unalalaje?"

"Sista," Benedict akaingilia, "huyu si mshiriki."

"Si mshiriki, daktari. Ni mgonjwa. Unalalaje, mzee? Kabla ya plasta, ulikuwa unalalaje?"

Januari alifikiri atajibu kwamba huwa anachoka tu. Lakini Elinipa alikuwa ameshanyamaza kwa ule ukimya wake, na Januari akaona kwamba mwanamke huyu anaweza kukaa hivyo mpaka magharibi. Akajibu. Chakula je? Akajibu. Kuna kinachokufurahisha? Akafikiri, akasema hapana. Akasahihisha, akasema kumsindikiza Mama Evaline hadi kona. Semeni alitazama dirishani.

"Umewahi kuona afadhali usingekuwepo?"

Lilikuwa ndilo swali la mwisho. Benedict, ambaye alikuwa ameshashika kitasa, alikiachia.

"Ndiyo," alisema Januari.

"Lini, mzee?"

"Siku zile za kwenda Kibirizi kuuliza habari za Feliksi. Watu wakishateremka wote, mashua zikabaki tupu, mimi nilikuwa nakaa pale natazama maji. Si kwamba nilitaka kufanya jambo. Nilikuwa naona tu kwamba maji yananielewa." Alikohoa kama anafungua mkutano. "Ndipo nikaacha kwenda. Watu walifikiri nimekata tamaa na Feliksi. Nilikuwa naogopa maji."

Semeni hakuondoa macho dirishani, ila mkono wake ulitoka kwenye kanga, ukapapasa hewani, ukapata goti la mumewe, ukalishika kwa nguvu mpaka likamuuma.

"Mimi nilifikiri umenichoka," alisema.

"Wewe? Ningekuchoka ningekuibia plasta?"

Jibu halikuwa na mantiki yoyote, na Semeni akalipokea kama lilivyo.

Wiki ile Elinipa alimpeleka Januari hospitali kwa daktari wa wagonjwa wa akili, mtu mmoja mwenye miwani aliyekuwa na chumba mwisho wa veranda na wagonjwa wachache kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana mlangoni kwake. Alimwandikia vidonge. Vilikuwepo stoo miaka yote, vimejaa, karibu kuisha muda wake. Si vya homoni, havikutoka ng'ambo juzi, havikuja na gari jeupe. Vinaanza kazi polepole, daktari yule alionya, tofauti na gundi.

Mambo mengine yalikwisha kama yalivyostahili. Leodgar, aliyekuwa akivaa za mkewe kwa bidii, alikuja ofisini siku ya jua kali amejifunika blanketi. Za mkewe zilikuwa na homoni. Matiti yake, tofauti na ya mwenyekiti, hayakuwa mawazo. Yalionekana hata chini ya blanketi. Benedict alimweleza kwa upole alichokuwa anajibandika: homoni ya kike, tena safi. Leodgar aliuliza kama ikichanganywa na kitu inaweza kugeuka. Akaambiwa aiache tu, na kifua kitarudi. Habari ilifika sokoni kabla yake. Alasiri hiyo wanaume wa Mwanga walionekana wakiingia vyooni haraka na kutoka haraka, na Rozalia akasema yeye maisha yake yote ameuza mawese tu, hajui wanachozungumzia.

Utafiti ulifungwa. Benedict alirudi Dar es Salaam amekonda, na ripoti ikatoka ikasema kwamba plasta zenye homoni hazikuonyesha tofauti na zisizo nayo, na kwamba kina mama wa makundi yote mawili walipata nafuu kubwa kwa namna isiyoelezeka, pengine kutokana na hali ya hewa ya ziwani. Huko ng'ambo wengine walijaribu tena, kwa watu ambao hawana Rozalia, na inawezekana walipata majibu bora. Kuna wanawake dawa ile inawafaa. Katubuka hapakuwa mahali pa kulijua hilo.

Kina mama walimwomba Benedict kabla hajaondoka waendelezewe Jumatano. Alisikitika kwa dhati. Fedha zilikuwa za homoni, alisema. Chai iliingizwa tu ili watu wasikae na njaa. Wakajaribu wenyewe kwa muda nyumbani kwa Rozalia, kila mtu na sukari yake. Wengine waliendelea kuja, wengine wakaacha. Elinipa alikuja alipoweza, bila kalamu. Joto la Semeni lilirudi msimu wa mvua, na wiki nyingine alikaa tu kitandani akitazama ukuta, lakini sasa nyumbani kulikuwa na mtu wa kumwuliza amelalaje. Aliuliza vibaya, kwa sauti ya mwenyekiti, na alishindwa kungoja jibu. Hata hivyo aliuliza.

Siku moja baada ya chakula cha mchana walikuwa wamejilaza kwenye mkeka, mlango wazi, upepo wa ziwa unapita. Vidonge vilikuwa vikimkausha Januari mdomo, na alikuwa na kikombe cha maji pembeni. Bila kuulizwa akaanza kumweleza Semeni habari za Feliksi: jinsi walivyokutana wakigombania mahali pa kukaa kwenye boti, jinsi Feliksi alivyopoteza jino kwa kufungua soda, jinsi alivyokuwa anadanganya wateja kwa Kiswahili na kuwaomba radhi kwa Kifaransa. Mengine Semeni alikuwa hajawahi kuyasikia. Alicheka mara mbili. Mara ya tatu Januari alipofika mahali pa kuchekesha hakusikia kitu, akageuka, akakuta amelala, mdomo wazi kidogo.

Januari alikunywa maji. Alimtazama, akaona ni vibaya kumwamsha na ni vibaya kuiacha habari katikati. Akaendelea, kwa sauti ya chini, mpaka boti ilipofika Kalemie.